Kitanda Kimoja Korogwe

Nawaletea kesi ambayo haijapata hakimu. Mkubwa asikilize, mdogo asikilize, na mwenye haraka ya kujibu aume ulimi kwanza, maana waliowahi kujibu wamenuniana mpaka leo.

Huko Usangi, juu kwenye milima ya Upare, kuna nyumba iliyojengwa mtelemkoni. Mwenye nyumba ni Mzee Sifaeli, fundi seremala. Mkewe, Namsifu, amejaliwa subira. Mwanawe, Elikunda, amejaliwa nguvu: gunia la viazi analitupia begani huku anaendelea na mazungumzo. Na mke wa Elikunda, Naelijwa, amejaliwa akili: ukimpa tatizo asubuhi, mchana anakuletea jibu pamoja na chai.

Siku moja Mzee Sifaeli alikuwa anapiga randa mlango wa jirani, randa ikamponyoka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka moja moja kwa kuvutwa. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakaipa familia maagizo, wakawarudishia mtu wao.

Sasa, mgonjwa wa kitandani ana muda mwingi. Maisha yake yote Mzee Sifaeli alikuwa akitazama mbao, ipi imepinda na ipi imebebeshwa kuliko uwezo wake. Alipokosa mbao, akaanza kutazama watu wa nyumba yake. Aliyoyaona yalimshangaza, akazidi kutazama.

Alianza na mkewe. Hospitali walisema mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda. Namsifu ana miaka sitini na tisa, na hamfikii mumewe mabegani. Anapiga goti kitandani, anaingiza mikono chini ya mgongo wake, anasema, "Haya, Baba Elikunda, twende," anavuta. Hivyo hivyo mwaka mzima. Ngozi ya mzee haikuchubuka hata mahali pamoja, hata muuguzi aliyekuja kumwangalia akauliza wanampaka dawa gani. Dawa yenyewe ilikuwa kiuno cha Namsifu. Mwezi wa nne wa ugonjwa mzee aligundua kwamba mkewe akiinama kuokota kijiko, hainuki mpaka ashike meza.

"Kiuno?" mzee akauliza.

"Kiuno gani? Nilikaa vibaya kanisani."

Mzee akabaki anajiuliza ni kanisa gani hilo, maana Namsifu hajatoka nyumbani tangu Pasaka.

Kisha akamtazama mwanawe. Kila Jumatano mzee alitakiwa kwenda kituo cha afya kufanyishwa mazoezi ya viungo, na barabara iko chini kabisa, ngazi arobaini na mbili zilizochongwa kwenye udongo. Gari halipandi. Elikunda akamweka baba yake mgongoni. "Nishike shingo, baba, ila usinikabe." Kiangazi walishuka, masika walishuka, ngazi zikiteleza kama sabuni. Hawakukosa Jumatano hata moja. Ila mzee, akiwa huko juu mgongoni, alianza kusikia goti la mwanawe likialika. Mwanzoni lilialika kwenye ngazi ya thelathini. Miezi ikapita, likaalika kwenye ya ishirini. Siku hizi linaalika ngazi ya tano, na jioni limevimba.

"Goti hilo," mzee akasema.

"Ni viatu, baba."

Na siku hiyo Elikunda alikuwa peku.

Naelijwa ndiye aliyemtia mzee mawazo kuliko wote. Mazoezi ya Jumatano hayatoshi. Mgonjwa anapaswa kusimamishwa kila siku, asubuhi na jioni. Elikunda yuko shamba, Namsifu hana uwezo wa kumsimamisha mtu. Amebaki Naelijwa, na katika nyumba ile mke wa mwana hamkumbatii baba mkwe wala hamshiki mwilini. Ndivyo walivyolelewa wote. Naelijwa akaumiza kichwa. Akakunja kitenge mara nne, akamwomba mama mkwe amfunge mzee kiunoni, akashika ncha mbili, akarudi nyuma hatua nzima ya heshima, akavuta. Mzee akasimama! Tangu hapo, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.

Mtaalamu wa mazoezi alipoonyeshwa, alikisifu kitenge lakini akagomba. "Dada, msogelee mgonjwa. Ukivuta kutoka mbali hivyo, uzito wote unaishia begani kwako."

"Nimesikia," Naelijwa akaitikia. Akarudi nyumbani, akasimama palepale pa siku zote.

Mzee alikuwa na maneno machache, lakini "sogea" lilikuwamo. Hakulisema. Aliona haya, na haya hiyo inamuuma mpaka sasa, maana Naelijwa hawezi tena kuinua mkono wa kulia hadi kwenye kamba ya nguo. Anaanika kwa mkono mmoja.

Mwezi wa kumi na tatu, Jumamosi saa nne asubuhi, Mzee Sifaeli alishika fimbo, akatoka kitandani mpaka barazani peke yake. Hatua kumi na moja. Wote walilia bila kuoneana aibu.

Wiki hiyohiyo akaja Nanzia kutoka Korogwe, dada mkubwa wa mzee, kumpongeza mdogo wake. Akaketi barazani, akawatazama wenyeji wake wakimwandalia chakula: mmoja ameinama, mmoja anachechemea, mmoja kabeba sinia kwa mkono wa kushoto.

"Jamani," akasema, "mgonjwa wa nyumba hii ni yupi hasa?"

Nanzia akaendelea: "Nina chumba kimoja na kitanda kimoja. Walimu wanaokipanga watarudi baada ya miezi miwili. Nitamchukua mmoja wenu, asishike hata ufagio. Mmoja tu."

Najua unachotaka kusema: wapokezane. Nanzia naye aliliwaza hilo, akamuuliza mtaalamu wa mazoezi. Akajibiwa kwamba mwili uliochakaa namna ile haurudi kwa wiki mbili tatu. Miezi yote miwili ni ya mtu mmoja, la sivyo ni nauli ya bure. Na Nanzia mwenyewe, kwa umri wake, hawezi kubaki amwinue mzee, ambaye zaidi ya hatua zile kumi na moja bado ni wa kuinuliwa.

"Aende mama," Naelijwa akasema. "Mwili wa uzeeni ukivunjika haujengeki tena."

"Aende Naelijwa," Namsifu akasema. "Mimi huyu ni mume wangu. Yeye ametukuta tu kwa kuolewa, na bado ana miaka mingi mbele yake. Isitoshe, nikiondoka mimi nani atamwogesha mzee?"

"Mimi nisihesabiwe," Elikunda akasema, akataka kuondoka kwa ushujaa, goti likakataa, akakaa tena.

"Na hilo goti likifa," Naelijwa akamjibu, "nani atamshusha baba? Nani atatulimia?"

Nanzia akamgeukia mdogo wake. "Umewatazama mwaka mzima. Taja jina moja."

Mzee Sifaeli akawatazama tena kwa zamu. Bila mkewe angeoza kitandani. Bila mwanawe mguu usingefunzwa. Bila Naelijwa usingesimama. Aliyeumia zaidi ni nani, na aliyejitoa bila kulazimika ni nani, na nani akiondoka nyumba itasimama? Kila swali lilimpa jina tofauti. Akaona neno zito kama hilo halisemwi umekaa. Akashika fimbo, akajisukuma, akaanza kuinuka.

Wote watatu wakaruka kumshika. Kiuno kikalia, goti likaalika, bega likagoma katikati, na watatu wakatoa "aah!" moja.

"Kaeni," mzee akasema, machozi yakimtoka. "Kaeni chini."

Wakakaa. Yeye akabaki amesimama, ameegemea fimbo, peke yake, wote wakimtazama mdomo. Nanzia keshafunga mkoba wake, na basi la Korogwe haliwasubiri watu wa milimani.

Haya, fimbo ninayo hapa, nakukabidhi. Simama mahali pa mzee. Je, wewe ungemtaja nani, na wale wawili utakaowabakiza ungewaambia nini?