Vikombe Sita vya Kijani

Tajiri mmoja alikuwa na vikombe sita vya chai, kauri ya Kichina yenye kijani cha tango lililomenywa, na alikuwa na mtumishi, Mwanashee, aliyevitunza kwa miaka ishirini na miwili. Mambo yalianza Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi. Tajiri huyo alikiinua kimoja dirishani, akaona mistari ya hudhurungi, akasema wakwe zake wanaokuja Jumamosi hawatanyweshwa chai kwenye uchafu.

Mwanashee alimweleza taratibu. Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyeuacha mng'ao, ule utando kama kioo juu ya kauri, uingie nyufa nyembamba kama unywele, na chai hupenya humo mwaka hadi mwaka, mpaka kikombe kikaota mishipa ya dhahabu. Ndiyo maana aliviosha kwa maji ya moto na vidole tu, bila sabuni, na hakumimina chai kabla ya kuvipasha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Tajiri akacheka, akauliza tangu lini jiko lake lina profesa. Kisha akavilowesha mwenyewe kwenye dawa ya kung'arishia nguo, akavisugua kwa waya wa masufuria. Mistari ikafutika. Mng'ao nao ukafifia, kama jicho lililoingiwa na mtoto wa jicho.

Jumamosi alasiri wakwe wakaja. Kwa haraka ya kujionyesha, tajiri alimimina chai iliyotoka kuchemka kwenye vikombe vya baridi. Kimoja kikapasuka mkononi mwa mkwe, chai ikamlowesha kanzu. Tajiri akageuka, akasema mbele ya wageni wote kwamba hiyo ndiyo hasara ya kuweka mtumishi asiyejua kuosha vyombo.

Mwanashee alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. Miaka yote ile hakuwahi kunywa hata funda moja katika vikombe vile.

"Ulichokisugua si uchafu wangu, Bwana," alisema. "Ni chai yako."

Asubuhi ya Jumapili alifika saa ile ile ya siku zote. Alichukua kikombe kimoja, akakipasha kwa maji ya vuguvugu, akamimina chai, akaketi kwenye kiti cha tajiri, akainywa yote. Kikombe akakiacha mezani bila kukiosha, akajitanda kanga yake, akaondoka.

Nanyi mnaohudumiwa: hicho mnachokiita uchafu wa watumishi wenu, ni nani aliyekinywa?