Kebo Zilizokatwa Vichwa

Bi Ernestine Pickett aliinyoosha kebo nyingine juu ya meza, akazipanga nyaya zake nane kwa rangi, akazisukuma ndani ya kichwa kidogo cha plastiki, kisha akakibana kwa koleo. Aliichomeka kwenye kipimaji, akangoja. Taa nane ziliwaka moja baada ya nyingine, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, bila hata moja kukosea zamu. Akaiweka kwenye lundo la zilizokwisha, akavuta nyingine. Chumba cha chini cha kanisa kilinukia kahawa na nta ya sakafu, na juu ya dari kwaya ilikuwa ikirudia ubeti uleule uliowashinda tangu mchana.

Keshokutwa, Jumamosi, chumba hicho kingefurika watu. Wanaharakati wa mitaa kutoka Chicago, Cleveland, Milwaukee na kwingineko wangeingia Detroit, kama walivyofanya kila Juni, kupeana mbinu: wapangaji waliogoma kufukuzwa, akina mama waliopigania maji yasikatwe, vijana waliogeuza viwanja vitupu kuwa bustani. Bi Ernestine alikuwa amepewa warsha ya asubuhi. Kila meza ingeunda sanduku la mtaa, lenye betri, ruta ya kurusha mtandao, na kebo ya kupanda hadi kwenye antena ya paani, ili umeme ukikatika majirani waendelee kupelekeana ujumbe. Masanduku ya namna hiyo yaliuokoa mtaa wake katika dhoruba ya Agosti iliyopita. Simu zote zilikuwa bubu kama mawe, lakini kwa masanduku yale watu walijua nani ana barafu ya kuhifadhia insulini, na nani hajaonekana barazani tangu asubuhi.

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alipostaafu kufua mashuka ya hospitali, aliazima vitabu maktaba, akaketi jikoni kwake, akaharibu vitu vingi mpaka vikaacha kuharibika. Sasa jambo moja lilikuwa limemkaa rohoni kama mwiba. Mwisho wa mwezi angehamia Memphis kumuuguza dada yake, na katika mtaa mzima hapakuwa na mkono mwingine uliojua kuyatibu masanduku yale. Warsha hii isipozaa hata mtu mmoja wa kuyashika, dhoruba ijayo ingeukuta mtaa kimya.

Waswahili wana methali wanayompa mtoto anayejifunza kutembea, ya kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Bi Ernestine hakuwahi kuisikia, na siku ile ya Alhamisi, lau angeambiwa, angetikisa kichwa polepole bila kubishana. Yeye aliamini kwamba mwalimu mwema ni yule anayeyaokota mawe yote njiani kabla wanafunzi hawajafika. Ndiyo maana alikuwa akizibana kebo zote mwenyewe, ili Jumamosi pasiwe na yeyote wa kushindwa mbele ya watu.

Imani hiyo ilikuwa na chanzo chake. Zamani, katika ofisi moja ya kutafutia watu kazi, aliwahi kuketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, akitafuta herufi za jina lake. Kijana wa zamu aliinama, akamwondolea kipanya mkononi, akamwambia kwa sauti laini kwamba ingekuwa haraka zaidi akimfanyia. Kijana hakuwa na ubaya. Lakini Bi Ernestine alitoka pale akijiona mdogo kama punje ya haradali, akaapa kwamba kwake yeye hakuna atakayeaibika namna ile.

Jioni hiyo walifanya jaribio. Mwanafunzi alikuwa Cleotis Bramlett, jirani yake wa nyumba ya tatu, aliyeendesha basi la jiji mpaka akazeeka nalo. Siku hizi alikuwa mkaribishaji wa kanisa, yule mwenye glavu nyeupe anayemwonyesha kila anayeingia pa kukaa. Alikubali kujaribiwa kwa sharti moja tu, kwamba kuwe na pai ya viazi vitamu. Graciela Ocampo, mratibu wa mkutano, alisimama kando akitazama saa. Cleotis alichomeka kebo upande huu, akachomeka upande ule, taa ya kijani ikawaka. Graciela alipiga makofi, akasema warsha zote zingekuwa laini hivyo angelala usingizi. Cleotis akala pai yake, akalibeba sanduku kwenda kulifunga barazani kwake.

Ijumaa alasiri, Bi Ernestine akiwa na kebo chache tu zilizobaki, alisikia hatua nzito zikishuka ngazi. Cleotis alitokea amelikumbatia sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Dada Pickett," alisema, "mgonjwa wako amekata roho."

Aliliweka mezani. Kebo ilikuwa imetafunwa, nyaya zake zimetoka nje kama masharubu. Cleotis alieleza kwamba kindi wa mwerezi wa jirani ndiye aliyefanya karamu, tena alimwona akijifuta mdomo. Bi Ernestine alitabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kebo nyingine kwenye lundo. Cleotis akaufunika ule mkono kwa kiganja chake.

"Utanipa hii. Kindi akirudi Jumatatu?"

"Nitakupa nyingine, Ndugu Bramlett."

"Na ukiwa Memphis?"

Bi Ernestine alimtazama. Habari ya Memphis alikuwa amemwambia mchungaji peke yake.

"Kanisa hili halina siri, Dada. Lina kwaya." Cleotis alivuta kiti, akaketi. Sauti yake ilishuka. "Nilikaa na hiki kidude asubuhi nzima. Nikakigeuza, nikakipigapiga, nikakiombea. Sikujua hata pa kuanzia. Jana hukunifundisha kitu, na sisemi kwa ubaya, pai ilikuwa tamu. Nilichomeka tu. Kuchomeka nakujua tangu pasi ya mama yangu."

Bi Ernestine hakuwa mtu wa kurukia hukumu, hata juu yake mwenyewe. Alilitazama lundo la kebo zake, nzuri, zimenyooka, kila moja imepimwa. Akaikumbuka ile ofisi ya zamani, ile sauti laini, kipanya kikiteleza kutoka kiganjani mwake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejihesabu upande wa yule mwanamke aliyeketi. Sasa aliona mkono uliomnyang'anya Cleotis kebo ulikuwa wa nani. Ulikuwa wake, na ulikuwa umenyang'anya kwa upendo.

Alichukua koleo la kukatia, akatwaa kebo ya juu kabisa, akaikata kichwa upande mmoja. Kichwa kilianguka ndani ya sahani ya bati iliyobaki na makombo ya pai. Akakata ya pili, na ya tatu.

Graciela aliyekuwa akibandika ratiba ukutani aligeuka kwa mlio ule, akaja mbio. Hofu yake ilikuwa na sababu. Alieleza kwamba mwaka uliopita, katika warsha ya jirani, watu walishindwa mara moja tu, na baada ya chakula cha mchana nusu ya viti vilikuwa vitupu. Watu waliosafiri usiku kucha ndani ya basi hawapaswi kurudi kwao wakijiona wajinga. Na hapo hapo akauliza, kwa upole, kama Bi Ernestine alikuwa amepumzika vya kutosha wiki hiyo.

"Nimepumzika, mwanangu," alisema Bi Ernestine. "Ngoja tumuone huyu kwanza."

Alimsogezea Cleotis kebo isiyo na kichwa, kichwa kipya cha plastiki, na karatasi yenye mpangilio wa rangi. Kisha akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Cleotis alihangaika. Vidole vyake, alisema, vilizaliwa kwa ajili ya usukani. Nyaya zilimteleza, zikajikunja, zikabadilishana nafasi kila alipopepesa macho. Hatimaye akabana. Kipimaji kiliwasha taa sita, kikanyamaza, kikamalizia ya nane. Waya mmoja haukufika mwisho wa kichwa. Mikono ya Bi Ernestine iliinuka yenyewe, bila ruhusa.

"Kalia mikono yako, Dada," alisema Cleotis pasipo kuinua uso.

Alikata, akaanza upya. Safari hii taa zote ziliwaka, ila ziliwaka ovyo: moja, mbili, tatu, kisha zikarukia ya sita, zikarudi ya nne kama watu waliokosea mlango. Graciela alitazama saa yake. Juu, kwaya ilikuwa imerudi kwenye ule ubeti wake. Bi Ernestine alijua kosa lilipo, akalishikilia ulimini kama pipi ya moto, asiliteme. Cleotis aliweka kichwa alichokibana kando ya kile kizuri cha upande wa pili kilichobanwa na Bi Ernestine. Alikitazama kimoja, akatazama kingine, akavua miwani, akaivaa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Nimewakalisha vibaya," alisema. "Njoo uone, Graciela. Huyu mweupe wa mstari wa kijani, na huyu kijani, ni mke na mume. Mimi nikawaweka bega kwa bega, kama mkaribishaji yeyote angefanya. Kumbe wamekuja kanisani wamenuna. Hawataki kugusana. Hawa wawili wa buluu ndio wanaokaa katikati yao kuwatunzia amani."

Akakata tena, akawakalisha watu wake kila mmoja mahali pake, akabana. Taa nane ziliwaka kwa zamu, zimetulia kama waumini. Cleotis hakushangilia. Alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaendelea kuitazama ile taa ya mwisho.

Bi Ernestine alikuwa amezibana kebo hizo kwa miaka, na katika miaka hiyo hakuwahi kufikiria wanandoa walionuna. Alimwomba Graciela ajaribu. Graciela alikaa, akapanga nyaya haraka haraka kama mtu mwenye mikutano mingi, na akaanguka pale pale: kijani na mwenzake ubavu kwa ubavu. Bi Ernestine aliendelea kuikalia mikono yake. Cleotis ndiye aliyeinama, na hakumgusa. Alimuuliza tu kama ana uhakika wale wawili wamepatana. Graciela akacheka, akarekebisha, akabana. Zikawaka nane.

Graciela aliizungusha kebo yake mwenyewe vidoleni. Kisha aliinuka, akaenda kwenye ratiba ukutani, akafuta na kuandika upya. Kila meza ingeunda sanduku moja badala ya matatu. Vichwa vya plastiki vya kuharibu viwe tele. Na pale juu, kwa herufi kubwa, akaandika: *Anayejua akalie mikono yake.*

"Kesho utasimama mbele, Ndugu Bramlett," alisema Bi Ernestine.

Cleotis alimtazama kuona kama anataniwa. "Mimi? Nimejua kitu hiki sasa hivi tu."

"Ndiyo maana. Mimi nimesahau jiwe liko wapi. Wewe kidole chako bado kinauma."

Cleotis alikaa akilipima neno hilo. Aliuliza kama avae glavu zake nyeupe, naye Bi Ernestine akamwambia nyaya hazishikiki kwa glavu, aje na vidole vyake vya usukani. Ndipo alipotamka lile lililokuwa limemjaa kifuani tangu sanduku lile lilipowekwa mezani.

"Asante kwa kunirudishia mgonjwa wangu. Ungeweza kulitupa sanduku uani ukanyamaza, nami ningeenda Memphis nikijisifu."

"Mshukuru kindi," alisema Cleotis, lakini aliupokea mkono wake, akaushika kwa muda mrefu kama afanyavyo mlangoni Jumapili kwa wale anaowapenda. Kisha akasema naye kwamba anashukuru. Tangu astaafu, alisema, watu humpa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, na kila mtu ni mwema, na hakuna aliyemwachia kitu cha kuharibu.

Walikata pamoja mpaka sahani ya bati ikajaa vichwa. Kwaya ilikuwa imeupata ule ubeti, ikauimba mara moja ya mwisho bila kukosea, kisha viti vikasikika vikisogezwa juu. Mtunza kanisa alichungulia ngazini, akatikisa funguo zake kwa adabu. Nusu ya lundo ilikuwa bado na vichwa vyake. Graciela alitaka kuibeba akaimalizie nyumbani, Bi Ernestine akamzuia. Asubuhi kutakuwa na mikono ya kutosha, alisema, tena ni vizuri waanze kwa kukata.

Aliliweka koleo juu ya lundo, mpini ukielekea kwenye kiti cha Cleotis, akazima taa. Alipanda ngazi nyuma ya wenzake akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa wiki nzima. Mbele yake Cleotis alikuwa akipanda taratibu, akijisemea rangi nane kwa sauti ya chini. Alikosea ya tano, akasimama kwenye kidato, akarudi mwanzo, akaendelea kupanda. Kweli, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.