Kata ya Mwanaiki

Kila kichwa na kata yake. Mmeisikia leo kisimani, sasa mnataka kujua ilikotoka. Basi sogeeni, nafasi ipo. Methali hii ilianzia kwa Mwanaiki, binti wa Mzee Shekue.

Mwanaiki alikuwa amefeli mtihani, na babake alishasema: akifeli tena, shule basi. Dada yake Saumu alikuwa akijifungia chumbani, akisoma kimya, na kutoka na kitabu kizima kichwani. Mwanaiki naye akajifungia. Akatoka na usingizi.

Siku moja akitoka kisimani, ndoo ikamponyoka mbele ya kibaraza cha shangazi yake, Bi Chausiku, ambaye nyumba yake haikosi watu.

"Kata ya nani hiyo?" Shangazi akauliza, akiiokota ile nguo iliyosokotwa duara ya kutulizia ndoo kichwani.

"Ya dada. Yeye hamwagi."

"Kaisokota kwa kichwa chake. Chako kimechongoka kama nazi, mwanangu." Wanawake wakacheka. "Na kusoma je, unatumia kata ya nani?"

Mwanaiki akainama kuokota ndoo.

"Haya, kitu gani ulikisikia mara moja kikaganda?"

"Ugomvi wa harusi ya kina Mwanasiti. Nani alianza, nani alijibu nini, hata rangi za kanga."

"Uliushikaje?"

"Niliwasimulia watu. Kila nyumba ikauliza yake, nikajibu." Akajipiga paji la uso. "Kumbe mimi hushika nikisimulia."

"Umesema mwenyewe. Mimi simo."

Tangu hapo kila alasiri alikuja kibarazani na somo lake. Akawasimulia safari ya damu kama umbea wa mtaa: imetoka kwa nani, imebisha hodi mlango gani wa moyo. Wapo waliomdhihaki, hakurudi nyuma. Bi Siwema, mbishi wao, akamkaba: "Na huo mlango ukigoma kufunga?" Mwanaiki akainuka. Akaenda kutafuta kitabuni, akarudi na jibu.

Siku ya mtihani swali lile lile likamkodolea macho. Akaandika midomo ikimcheza, kama anamjibu Bi Siwema. Akafaulu.

Mzee Shekue akafurahi kupita kiasi. "Saumu, nawe toka chumbani. Ukasomee kibarazani kama mdogo wako."

Machozi yakamlenga Saumu. Mwanaiki, aliyetoka kisimani punde, akavua kata yake mpya, aliyoisokota mwenyewe, akampa babake. "Hebu ivae, Baba, unyanyue ndoo."

Mzee akaijaribu; ikamkalia upande. Akacheka. "Haya Saumu, rudi chumbani, na mlango ufunge."

Mwanaiki akayasimulia hayo kibarazani, na kabla jua halijatua, kibaraza kizima kilishaitembeza methali mtaani: kila kichwa na kata yake.