Wavu wa Kitanda cha Mama Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kugombana na majirani kama sisi, Fisi aliishi na mama yake mzee. Mama huyo hakuwa na jino hata moja, na kiuno kilimuuma kutwa kucha. Raha yake ilikuwa moja tu: kitanda cha chuma chenye wavu wa springi. Fisi alikiokota kwenye kambi iliyohamwa, akakibeba mgongoni mwendo wa siku mbili.

Majirani zao walikuwa Nyati, mwenye pipa la maji, na Ngiri, mwenye rundo la matofali aliyokusudia kuwajengea watoto wake chumba.

Siku moja akahamia hapo Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno. Alikuja bila sufuria wala mkeka.

"Jirani zangu," akawaambia, "nyama mnakula mbichi, mihogo mibichi. Nitawajengea jiko la kuchomea, la kula wote. Sitaki malipo. Nataka vitu mlivyo navyo tu."

"Vitu gani?" Nyati akauliza.

"Pipa lako. Nalipasua kwa urefu, natoboa matundu ya hewa, makaa yanakaa ndani. Matofali ya Ngiri yanalishikilia lisianguke. Juu natandaza wavu wa chuma, nyama inaiva bila kugusa majivu."

"Na maji yangu nitaweka wapi?"

"Mto si ule pale, kaka? Mwenye nguvu kama zako anashindwa kwenda mtoni?"

Nyati akaona haya, akalitoa pipa. Ngiri naye akaambiwa kwamba tofali likipata moto linakomaa zaidi. Akayatoa yote.

Fisi alikataa. "Wavu huo ndio usingizi wa mama yangu."

"Ni kwa siku chache tu," Nguchiro akasema. "Chuma kimezaliwa motoni, moto utakidhuru vipi? Hebu niambie, mama yako anakula nini?"

"Namtafunia, kisha namlisha."

"Mama mzima atafuniwe kama kitoto? Nyama ya jikoni kwangu itakuwa laini, ataivunja kwa ulimi."

Neno hilo lilimwingia Fisi. Akaenda ndani, akamweleza mama yake.

"Huyo mgeni amekuja na nini?" mama akauliza.

"Amekuja na akili, mama."

 Mama akashuka kitandani polepole, mkono kiunoni, akakaa juu ya majani makavu.

Gwa, gwa, gwa. Nguchiro alijenga siku tatu, na jiko likatoka zuri kweli. Fisi akaleta mbavu za pofu, yule swala mkubwa, ambazo hakuzigusa ingawa njaa ilimkata tumbo. Ngiri akaleta mihogo, Nyati mahindi. Makaa yakawaka, mafuta yakaanza kudondoka, chwaa, chwaa, na harufu ikajaa bonde zima.

"Kuni hazitatosha," Nguchiro akasema. "Za hapa zina maji, zitaharibu nyama kwa moshi. Zilizo kavu ziko ng'ambo ya mto. Ningekwenda mwenyewe, lakini tazameni mikono yangu."

Wakaitazama. Ilikuwa kama vijiti. Wenye nguvu wakaondoka wote watatu, kila mmoja akitaka kuonekana amebeba zaidi.

Walipovuka mto tu, Nguchiro akapiga mluzi. Kutoka kwenye kichuguu cha jirani wakatoka ndugu zake, wajomba, mashemeji na watoto wao, zaidi ya arobaini. Walikuwa humo tangu siku aliyohamia. Wakala wakashiba, na kilichobaki wakakiburuta hadi mashimoni.

Fisi alirudi wa kwanza, mzigo ukiwa bado mgongoni.

"Nyama iko wapi?"

"Imeliwa," Nguchiro akajibu, akijilamba vidole.

"Na nani?"

"Na waliokuwepo."

Nyati na Ngiri wakafika. Ngiri akainamisha kichwa, meno mbele, lakini Nguchiro alikwisha kukaa kwenye mlango wa kichuguu, na macho mengi yakimulika nyuma yake.

"Ulituahidi," Nyati akasema.

"Niliahidi jiko. Hilo si jiko? Mimi si mwizi, jirani. Kila mtu achukue chake."

Nyati akainua nusu ya pipa. Mwanga ulipenya kwenye matundu. Ngiri akagusa tofali, likavunjika vipande viwili. Wakaanza kulaumiana nani aliyekubali kwanza, na hapo ujirani wao ukafa. Fisi hakulaumu mtu. Alingoja wavu upoe, akaukunja, akaenda nao nyumbani.

"Umechelewa, mwanangu," mama akasema. "Watu walikuwa wengi?"

"Wengi, mama."

Akaurudisha wavu mahali pake, akamsaidia mama kupanda. Springi zilikuwa zimelegea kwa moto. Mama alipolala, wavu ulibonyea hadi mgongo wake ukagusa sakafu.  Alinusa, akanusa tena.

"Inanukia," akasema. "Ilitiwa chumvi?"

Fisi alishindwa kumtazama. "Ilitiwa, mama."

Mama akageuza kichwa, akapitisha ulimi juu ya waya, pale mafuta yalipogandia.

"Kweli," akasema. "Ipo."

Mjanja haibi, wanangu. Huomba, nawe ukabeba mwenyewe ukampelekea.