Jiwe Lililongoja Neno Moja

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana nikianza kuhesabu nitasahau hadithi, paliishi fundi wa milango aitwaye Haidari. Mwanawe, Shomari, aliacha patasi akaenda kushona nguo. Baba akaghadhibika, akaapa kuwa mwana huyo akimwita hataitika. Mwana naye akaapa kuwa hatamwita tena "Baba". Miaka tisa ikapita, viapo vikabaki vilevile. Mbishi kamzaa mbishi.

Kisha Shomari akapata mtoto wa kiume. Siku ya saba mtoto hupewa jina, na kwao jina hutoka kwa babu. Bi Mwanakheri, mke wa Haidari na mama wa Shomari, akasema mjukuu wake hatakosa haki hiyo, liwe liwalo.

Siku ya sita kikafika kikundi cha maigizo. Mchezo wao ulihusu baba aliyegeuzwa jiwe na jini, na jiwe halipasuki mpaka mwanawe apige magoti aite, "Baba." Bi Mwanakheri akamwambia mumewe twende, Shomari hatakuwepo. Akamwambia mwanawe njoo, baba yako hatoki nyumbani. Uongo mara mbili, na jicho hakupepesa.

Alasiri baba na mwana wakaketi, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mchezo ukaenda hadi mwisho wake. Kombo, aliyeigiza mwana, akapiga magoti mbele ya jiwe, akafumbua kinywa, akanyamaza. Yeye alikuwa mtu wa mji ule. Aliujua ugomvi wao, na kutoka jukwaani aliwaona wote wawili wakifuta machozi. Mkuu wa kikundi akamnong'oneza neno lile. Hakulitamka. Watu wakaguna, wakazomea. Kombo kimya.

Shomari akashindwa kuvumilia. Akasimama katikati ya watu, akaita, "Baba."

Jiwe halikupasuka. Upande wa pili Fundi Haidari akainuka, akaitika, "Naam, mwanangu."

Walilia sana, na mji mzima ukalia nao. Haidari akatangaza kuwa haki yake ya kumpa mtoto jina anamwachia aliyewapatanisha.

"Ni mimi," akasema Bi Mwanakheri. "Nimemdanganya mume, nimemdanganya mwana, na dhambi nimeibeba peke yangu. Nisingewaleta, mngeonana wapi?"

"Ni mimi, mzee," akasema Kombo. "Kuletwa mliletwa. Lakini ningelitamka neno lile, mngelia kidogo mkaenda zenu. Nimeharibu mchezo kwa ajili yenu, na kikundi kimenifukuza leo hii."

"Ni mimi," akasema Shomari. "Mama alinileta, Kombo alininyamazia. Lakini kiapo kilikuwa changu, na nimekivunja mbele ya mji mzima. Tena mtoto ni wangu."

Siku ya saba ikapambazuka. Mtoto yuko mapajani mwa babu, watu wamejaa ukumbini, na kila mmoja wa wale watatu ana jina alilomchagulia mtoto mdomoni. Hakuna aliyelegeza. Haidari anawatazama, na mimi nawatazameni ninyi.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?