Kikohozi cha Kihwele

Kihwele mpasua mbao alimwomba bosi wake, Luvanda, awakatie wafanyakazi bima ya kipato, ili anayeumia au kuugua aendelee kupata mshahara.

"Bima ya nini? Watu wangu hawaugui."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Ni chuma!"

"Basi tuandikiane, bosi. Atakayeugua, umlipe mwenyewe mpaka apone. Si hawaugui?"

Luvanda alicheka, akaandika hivyo kwenye karatasi, akatia sahihi mbele ya wafanyakazi wote, akagonga na muhuri.

Kihwele aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akakohoa. Wenzake kumi na wanane wakakohoa pia.

Luvanda aliwasha pikipiki. Saa sita alirudi na bima ya kila mmoja.

Kihwele alimrudishia karatasi yake. Hakuna aliyekohoa tena.