Mvumo wa Bonde la Kisyelo

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ina mahali pa kimya, na kimya chake kiliua.

Walikuwapo watafiti watatu, waliosoma pamoja wakarudi pamoja kwao, chini ya mlima wa moto uliozimika. Ambakisye alikuwa na kipawa cha kuona njia: ukirusha jiwe, alijua litatua wapi. Subilaga alikuwa na kipawa cha kusimamisha mambo: kilichopita kufumba na kufumbua, yeye alikiona kimetulia kama picha. Lugano alikuwa na kipawa cha kupima kidogo akajua kingi, kama mpishi anavyoonja tone akajua sufuria nzima.

Karibu na kijiji palikuwa na bonde la Kisyelo. Nyasi zake zilistawi kuliko za kwingine, lakini ndege hawakutua. Siku nyingine hewa ya ukaa ilipenya kutoka ardhini ikalala mle kama maji yasiyoonekana. Mbuzi aliyeinamisha kichwa hakukiinua tena. Mtu aliyechutama alijilaza taratibu, uso umetulia, kana kwamba ameambiwa alale. Ndivyo alivyokutwa mama yake Subilaga, mundu mkononi.

Basi watatu hao wakaunda mashine ya kuisikia hewa hiyo. Mashine ilimulika mwanga wa kuwaka na kuzima. Molekuli za hewa ya ukaa ziliupokea zikatetemeka, kisha zikagongana na jirani zao na mtetemo ukageuka joto. Joto lilivimbisha hewa, hewa ikavuma. Wakati wa masika ilivuma mmm, mmm, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na watu wakakimbia wakapona.

Kiangazi kilipofika, mashine ikanyamaza. Mbuzi wakaanguka mbele yake, nayo kimya.

"Imeharibika," alisema Lugano.

Subilaga alikuwa ukingoni, akizitazama zile nyasi zisizotikisika. "Haijaharibika. Hewa ikikauka, nitrojeni, ile iliyojaa zaidi hewani, inaupokea mtetemo na kuung'ang'ania, kwa sababu hakuna unyevu wa kuufanya uachie. Sauti inakuja, ila imechelewa. Mashine inakuwa imeshaacha kusikiliza."

"Imechelewa kiasi gani?" aliuliza Ambakisye.

Hapo ndipo penye kazi. Kujua kwa hakika kulitaka kuhesabu kila namna molekuli zinavyogongana, na kompyuta yao ingehesabu mpaka wazeeke. Wakaamua kukadiria.

Ambakisye alisema, "Molekuli ikisafiri, tuichukulie kama jiwe lililorushwa. Sheria ngumu za chembe ndogo kabisa tuziache kwa mtetemo wa ndani peke yake." Akachora njia zote.

Subilaga alisema, "Zikigongana, ni ghafla mno. Molekuli haina muda wa kugeuka. Tuigandishe ilivyoelekea, tuhesabu, kisha tuigandishe upande mwingine, mwisho tutafute wastani." Alizigandisha moja moja. Usingizini aliziona zimesimama zikimtazama.

Lugano alisema, "Bado makadirio yenu hayajui hewa yetu. Nitaichota ya kule chini niipime, na kwa migongano michache nitakisia iliyobaki." Akateremka na kamba kiunoni na mshumaa mkononi. Mwali ulipofika usawa wa magoti ulizimika bila moshi. Akajaza chupa, pumzi ameibana. Alipopanda juu midomo ilikuwa ya buluu. "Kule chini kuna raha," alisema, na hawakupenda alivyosema.

Wakajaribu kuacha hesabu ya mmoja, mashine ikakaa kimya. Wakaacha ya mwingine, kimya vilevile. Wakaziunganisha zote tatu, wakaifundisha mashine kungoja muda ule waliokadiria.

Mchana mmoja, jua kali, anga safi, mashine ikavuma. Bondeni Tupokigwe, mwanamke mjamzito wa kijijini, alikuwa ameinama akikata nyasi. Watafiti walipopiga kelele alikuwa ameshapiga magoti. Mumewe alibana pumzi, akashuka mbio, akambeba juu.

Alizinduka akasema, "Mlinitoa kwa nani? Kuna mtu alikuwa ananibembeleza."

Mumewe akamvuta mbali zaidi na ukingo.

Alijifungua salama mtoto wa kike. Akawaita watatu hao. "Kwetu mtoto hubeba jina la mtu mmoja tu. Nataka abebe la aliyeniokoa."

"Bila njia, molekuli hazikutani," alisema Ambakisye.

"Mimi nilishuka kule," alisema Lugano. "Ninyi mlibaki juu."

Subilaga alimpokea mtoto, akahisi pumzi yake shingoni, ndogo na ya moto. Alilitaka jina lile liwe lake, akaona haya kulitaka. Alisema tu, "Bila mimi mngekuwa bado mnahesabu, dada yetu akiwa kaburini."

Tupokigwe akawatazama mmoja mmoja, akashindwa. Nami nimeshindwa. Mliosikiliza, wakubwa kwa wadogo, mtoto analala bila jina: ninyi mngempa la nani?